Raba za Breki

Baba yangu alikuwa na msemo wake: spea inanunuliwa gari likiwa zima. Aliusema akiwa amelala chini ya pikapu, miguu tu ndiyo inaonekana, na mimi niliyekaa kwenye kiti cha dereva niliusikia ukitokea sakafuni, kama vile gari lenyewe ndilo linalonifundisha.

Nilikaa pale kwa sababu ya breki. Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili, mmoja juu na mmoja chini, na kaka zangu hawakuwa na subira nayo. Unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani pampu ya mafuta ya breki iliyo mbele ya dereva; ndilo la nyuma kushoto, unamalizia na la karibu. Wa juu anakanyaga pedali polepole na kushikilia. Wa chini anafungua kinati cha kwenye gurudumu, mafuta yanatoka na mapovu yake, anafunga. Hapo ndipo wa juu anaachia. Akiachia mapema upepo unaingia tena, na kazi yote imekuwa bure.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nashikilia."

"Haya, achia, mama."

Mimi ni mtu wa aibu. Darasani mwalimu akiniuliza jibu ninalo, lakini linakwama kooni mpaka amuulize mwingine. Mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kuwa nayo na Baba ni hayo ya breki, na nakiri kwamba niliyapenda.

Baba alikuwa dereva wa ofisi moja hapa Kibaha. Gari la ofisi lilikuwa la serikali, lakini pikapu ilikuwa yetu. Aliinunua ikiwa mkweche, majani yameota kupitia sakafu. Jirani alimuuliza kama amenunua banda la kuku. Baba akamwambia kuku watakuja baadaye, ametanguliza banda. Akaiamsha kidogo kidogo. Tangi lilipovuja alisugulia kipande cha sabuni ya mche mahali pa ufa, na petroli ikakoma kutoka. Mama alinuna siku nzima, maana sabuni yenyewe ilikuwa ya kupanga foleni, na yeye alikuwa na nguo za wiki zinasubiri kwenye beseni.

Spea alizitafuta hivyo hivyo, kidogo kidogo, wakati gari linatembea. Ukienda dukani, alisema, nenda na kifaa chako kibovu mfukoni, usiende na jina lake, kwa sababu majina watu wanayabadilisha ila kifaa hakibadiliki. Raba ikunje katikati. Ikionyesha nyufa, mrudishie mwenyewe hata akikuita shemeji. Kwa mtindo huo, baada ya miaka, alikuwa na debe moja chini ya kitanda: platini, plagi, mkanda wa feni, pampu ya maji iliyokuwa bado imo katika karatasi yake, na raba za breki seti nzima. Mgeni akilala kwetu alifikiri ni debe la unga.

Mwaka jana pikapu ilikuwa na kazi moja iliyotushughulisha wote. Bibi, mama yake Baba, alikuwa kijijini Marui, mbele ya Kisarawe, na mguu wake ulikuwa na kidonda. Jembe lilimparuza juu ya kifundo, akakifunga kwa majani, kikafunga juu na kuchimba chini. Baba alimwomba ahamie Kibaha hospitali iwe karibu. Bibi akasema mikorosho yake nayo ipakiwe. Mwishowe walikubaliana hivi: akimaliza kuokota korosho, kabla ya masika kuharibu barabara, Baba angekwenda na godoro nyuma ya pikapu kumchukua, akatibiwe hadi apone, kisha amrudishe.

"Nitakuja na mke mwenzangu huyu aniandalie chai," Bibi alisema, akinishika shavu. Ndivyo anavyonitania siku zote, kwamba tumeolewa na Babu wote wawili na mimi ndiye mvivu. "Lakini gari lako lisinimwage njiani."

"Halikumwagi, mama."

Kabla siku hiyo haijafika, redio ikaanza habari za walanguzi na msako wa bidhaa zilizofichwa.

Sisemi kwamba walanguzi hawakuwepo. Walikuwepo, na Mama aliwalaani kila alipokosa sukari. Lakini hofu ilipoingia haikuchagua. Tulisikia watu wametupa vitambaa mtoni Ruvu, majora mazima, na mwingine amemwaga mafuta ya kupikia chooni ili asikutwe nayo. Yule mama anayeuza vitumbua karibu na shule alificha mifuko miwili ya unga wa mchele kwa dada yake, dada yake akaificha kwa mwingine, na sijui kama aliiona tena. Vitumbua vilikoma. Watu walisalimiana upesi upesi wakiwa wamesimama, kisha kila mmoja kwake.

Alasiri moja balozi wetu wa nyumba kumi alipita. Ni mtu mwema, huwa anacheza bao na Baba. Hakukaa.

"Ndugu yangu," alisema, "wageni wa wilayani wako mtaa wa juu. Wanaingia ndani, wanatazama hata chini ya vitanda. Mimi sijui mtu ana nini. Napita tu nasalimia."

Alipoondoka Mama alikuwa amekwisha simama.

"Lile debe," akasema.

"Zile ni spea za gari langu. Gari liko pale nje, watu wote wanaliona."

"Utawaeleza nani? Pampu mpya ndani ya karatasi, wewe ni dereva wa serikali. Watasema umeiba ofisini. Au watasema unauza."

"Siuzi."

"Na yule wa Mlandizi aliyechukuliwa, yeye alikuwa anauza? Baba watoto, fanya haraka, watu wanakuja."

Baba alichimba nyuma ya nyumba, kwenye migomba, mahali palipokuwa pamelowana kwa maji ya kuoshea vyombo. Mama alisimama kwenye kona ya nyumba akichambua mchicha ambao ulikuwa umekwisha chambuliwa. Mimi nilishika debe. Baba aliogopa kutu, kwa hiyo akachukua galoni ya oili chafu aliyoihifadhi tangu alipobadilisha oili, akaimimina yote juu ya vile vitu mpaka vikazama. Akafunika, akafukia, akapanda chipukizi la mgomba juu yake.

Wageni wa wilayani hawakufika kwetu. Waligeukia mtaa mwingine.

Debe lilibaki ardhini hata hivyo, maana redio haikunyamaza. Halafu mvulana wa Marui akaletwa na lori la mkaa akiwa na ujumbe: mguu wa Bibi umeanza kunuka, na mawingu ya masika yamesimama upande wa Vihingo. Siku hiyo hiyo Baba alikanyaga pedali ya breki ikashuka mpaka sakafuni. Masta silinda ilikuwa inavuja. Raba zilikuwa zimelika.

"Si kitu," alisema. "Raba tunazo."

Tukafukua. Pampu ilitoka inang'aa, platini safi kabisa, hakuna hata doa la kutu. Baba akaipangusa pampu kwa kiganja kama mtu anayempangusa mtoto uso. Kisha akaingiza mkono tena na kutoa raba za breki.

Zilikuwa zimevimba. Ziliteleza na kulegea kama maandazi yaliyoachwa kwenye chai. Raba ya breki inataka mafuta ya breki peke yake. Oili ya injini au petroli huila, na dereva yeyote wa siku nyingi anajua hilo. Baba anajua kuliko wengi. Nilishamwona akimfukuza fundi mzima kwa kuosha raba na petroli. Lakini alasiri ile hakuwa anafikiria raba. Alikuwa anafikiria jela.

Alizisafisha kwa maji ya sabuni, akazianika kivulini. Hazikurudi. Alijaribu moja kwenye silinda, ikaingia kwa kusukumwa na haikutaka kurudi nyuma, maana yake breki ingeshika na isiachie.

"Mimi ndiye niliyekuharakisha," Mama alisema mlangoni.

"Oili niliimimina mimi," Baba akajibu. Ingekuwa afadhali wangegombana.

Kesho yake nilikwenda naye Dar es Salaam. Nadhani alinichukua ili aonekane mtu wa familia. Raba mbovu ilikuwa mfukoni, imefungwa kwenye gazeti. Kule mtaa wa Gerezani, kwenye vibanda ambavyo zamani vilijaa spea mpaka barazani, kulikuwa na mafagio. Mafagio, na mbao za mbuzi za kukunia nazi.

"Natafuta raba ya masta silinda," Baba alimwambia kijana wa kibanda cha kwanza.

"Shikamoo, mzee. Hapa tunauza mafagio."

Baba akafungua gazeti. Kijana akatazama, nami nikaona macho yake yameijua ile raba.

"Hiki nini, mzee? Kifuniko cha chupa?"

"Muulize katumwa na nani," sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Nimetumwa na mama yangu," Baba alisema.

Wakacheka, yule wa mbele na wa nyuma. "Mama yako ni dereva?"

"Ni mgonjwa."

Kijana akaacha kucheka, lakini hakutoa kitu. Vibanda vyote vilikuwa hivyo. Kwenye cha mwisho, tulipokuwa tunageuka, mzee mmoja aliniita kwa sauti ya chini. "Binti, mwambie baba yako mtu havai kaki ya serikali kuja kununua kitu siku hizi. Hata kama ninacho, sinacho."

Hiyo kaki ndiyo shati lake pekee lisilokuwa na kiraka. Alilivaa ili wamheshimu. Nilitaka kumwambia maneno ya yule mzee, ili tukaazime shati lingine kwa ndugu na kurudi. Yakanikwama kooni kama darasani. Nilimwambia tukiwa tumefika Kibaha, na vibanda vimekwisha fungwa.

Asubuhi iliyofuata Baba alirudisha zile raba zilizolika, tukatoa upepo, tukajaza mafuta ya breki yaliyokuwa yamebaki chupani. Pedali ilishika ukiipiga mara tatu, ukisubiri ikazama.

"Nitakwenda kwa gia na hendibreki," alisema. "Wewe utakaa na jiwe mapajani. Nikisema ruka, ruka uweke chini ya tairi."

Alinieleza njiani, kwa utulivu, kama somo. Mteremko unaushuka kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Hendibreki usiivute ghafla, nyuma itakukimbia. Acha nafasi mbele yako. Nilikaa na jiwe langu juu ya sketi ya shule na godoro la Bibi nyuma yetu. Kufika Kisarawe hatukupata taabu, kwa sababu kuna kupanda kwingi. Baada ya mji, lami iliisha na vilima vikaanza kutushusha.

Kwenye mteremko mmoja mtu wa baiskeli alitokea kichakani, magunia ya mkaa yamemzidi urefu, akaingia barabarani bila kutazama. Baba alipiga pedali ikazama. Akarudisha gia, injini ikalia, akavuta hendibreki, na pikapu ikaacha barabara ikachomeka pua kwenye ukingo wa udongo. Yule mtu alianguka mwenyewe kwa woga, magunia yakafumuka.

"We dereva," alisema akiwa amekaa chini, akijitazama viwiko, "unaendesha au unabebwa?"

"Samahani, ndugu yangu."

"Samahani yako ina breki?"

Tulimsaidia kuokota mkaa. Mtu yule alipokwenda, Baba alikaa kwenye ukingo muda mrefu akitazama mteremko uliobaki, na mwingine ng'ambo yake. Matone ya kwanza yalianguka kwenye boneti na kukauka hapo hapo kwa joto.

"Siwezi kumpakia mama yangu humu," alisema.

Lori lililokuwa linarudi mjini likanichukua, nikalala kwa shangazi Kisarawe. Baba akaiacha pikapu pale ukingoni, akaweka godoro kichwani na kuendelea kwa miguu.

Mvua ilimkuta njiani. Walimtoa Bibi Marui kwa machela, kitanda cha kamba kilichofungwa miti, watu wa usharika wake na majirani zake Waislamu wakipokezana, maana lori halikuthubutu tena kupita kwenye tope. Bibi ananiambia mbebaji mmoja alimwomba ale kidogo siku za usoni, ili wakimrudisha asiwe mzito hivyo, naye akamjibu kwamba kijana huyo alipobebwa mgongoni na mama yake hakuna aliyelalamika. Walichelewa kufika hospitali. Daktari alitazama mguu na kuufunika tena, akamwita Baba nje.

Waliukata chini ya goti.

Nilipoingia wodini siku ya kwanza kuruhusiwa, Baba alikuwa amekaa pembeni ya kitanda na kaki yake. Bibi alikuwa macho. Aliniita mke mwenzake, akasema sasa uvivu ni wake, nimpe zamu. Sikuweza kucheka. Alitazama shuka mahali lilipolala tambarare, kisha akamgeukia Baba.

"Nilikungoja na mzigo wangu nimefunga," alisema. "Gari lilikuwa na nini?"

"Raba, mama."

"Raba gani?"

Baba alimwonyesha kwa vidole, kidole gumba na cha shahada vikikaribia kugusana.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Bibi alivitazama vile vidole. Baba hakuvishusha. Alibaki amevishika hivyo hivyo hewani, na mimi nikakaa upande wa pili wa kitanda, nikaanza kummenyea chungwa.