Nilivyoharibiwa Mguu kwa Kukaa

Shavu langu lilikuwa juu ya marumaru za ofisi na pumzi ilikuwa haitoki wala haiingii. Nilichofanya ni kusimama tu. Nilinyanyuka kwenye kiti saa tisa mchana, baada ya kukaa tangu saa moja na nusu asubuhi, kifua kikabanwa kama nimeangukiwa na gunia, nikaenda chini. Mwenzangu wa dirisha la pili, mtani wangu wa kabila, akapiga makofi.

"Jamani, leteni sanda! Huyu nimemsubiri miaka. Baiskeli yake naichukua mimi!"

Watu wakacheka. Kwetu mtani anaruhusiwa kukuzika ungali hai, kwa hiyo hakuna aliyeinuka. Alipoona midomo yangu imekuwa rangi ya zambarau akaanza kupiga kelele za kweli, na bado wengine walidhani anaendeleza mchezo.

Simlaumu. Ndiye aliyenibeba mpaka kwenye bajaji, huku analia. Ninaowalaumu ni wawili: meneja wa ile kampuni ya kununua mpunga na afisa utumishi wake. Majina siandiki. Wenyewe wanajijua.

Mimi ni darasa la saba. Miaka kumi na minne nilifanya kazi pale, na ofisi ya zamani ilikuwa chumba kimoja tu. Magunia yako upande wa pili wa uwanja, faili ziko banda la nyuma, maji ya kunywa yako kwa mlinzi getini. Mkulima akija, natoka naye mpaka kwenye mzigo wake, nachoma gunia kwa bambo, punje zinamwagika kiganjani, nang'ata moja nisikie kama imekauka. Narudi kuandika hati. Akija mwingine, natoka tena. Jioni miguu inauma, lakini maumivu ya halali, unalala yanaisha.

Kisha akaja meneja mpya kutoka Dar. Akaweka vioo, marumaru, kiyoyozi. Faili zikahamia kwenye rafu ya kufikia kwa mkono. Mkulima akawa anapitisha mpunga wake kwenye bakuli, kwenye tundu la kioo. Tundu lenyewe walilikata chini, usawa wa mtu aliyekaa, na juu yake kioo wamekipaka rangi. Ukisimama, mkulima anaona tumbo lako basi.

Nisidanganye, siku ya kwanza nilifurahi. Kiti kinazunguka! Nilimpigia mke wangu simu aje kuona. Bondeni huku watu wanashinda wameinama kwenye matope wakipandikiza mpunga. Mtu akipewa kiti, ameula.

Afisa utumishi akafunga mlango wa nyuma kwa kufuli, eti tunazurura. Ufunguo wa choo ukawa mezani kwake. Ni mdogo kwangu, asubuhi ananiamkia shikamoo vizuri kabisa, lakini ukimwomba ufunguo anatazama saa kwanza, mbele ya watu.

"Mzee, tena? Hicho kibofu au chujio?"

Mtu mzima nikaona aibu. Nikaacha kunywa maji. Ukutani kamera, na meneja akiona kiti kitupu anapiga simu ya mezani: "Dirisha la kwanza, uko wapi?" Msimu wa mavuno foleni ilifika barabarani. Nilikaa. Hata wali nilikula palepale, mkono mmoja kijiko, mkono mwingine kalamu.

Wiki moja kabla ya kuanguka, mguu wa kushoto ukaanza kuvimba. Jioni kiatu hakivuliki. Sasa, bonde hili mguu ukivimba kila mtu anajua jina lake: matende.

"Leo mguu, kesho busha," mtani akaniambia. "Utakuja kazini na toroli, umelitanguliza."

Nilicheka naye. Nyumbani mke wangu alikuwa ametoka shambani, mgongo haunyooki. "Wewe unayekaa ndiyo unaumwa? Mimi niliyeinama nisemeje?" Kisha akauona mguu, akachemsha majani akanikanda. Nikasubiri wagawaji wa vidonge vya matende wapite. Nikawaza labda nimekanyaga kitu cha mtu. Vyote niliviwaza, kiti sikukiwaza. Nani angekiwaza?

Ila mwili ulijua. Siku nne kabla ya kuanguka nilikwenda kwa afisa utumishi, nikapandisha suruali nikamwonyesha. Nikamwomba anirudishe kwenye magunia.

"Mzee wangu, wenzako wanakililia hicho kiti. Nikikurudisha kwenye vumbi watasema tumekushusha."

"Basi niwe nasimama kidogo kidogo."

"Na foleni nani ataihudumia? Ongea na meneja."

Meneja nilimkuta mlangoni, naye nikamwonyesha mguu. Alinisikiliza huku anabonyeza simu, akasema, "Vumilia msimu uishe."

Hospitali daktari aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia, kukaa. Hakucheka. Akanieleza damu iliganda mguuni, kipande kikakatika kikapanda mpaka mapafuni. "Matende hayaji kwa wiki moja, baba. Kukaa namna hiyo, tena bila maji, kunaweza kukuua." Nilichomwa sindano za tumboni, nikapona, kama huku ni kupona. Mguu unajaa kila siku. Shambani nikisimama nusu saa natafuta pa kushika. Safari zangu za baiskeli mpaka kijiji cha Kiberege zimekwisha.

Kampuni ilinipa barua. Imeandikwa "ugonjwa binafsi", na mkataba wangu haukuendelea. Binafsi! Yaani niliutoa nyumbani nikaenda nao kwao.

Wiki iliyopita nilipita pale. Mlango wa nyuma bado una kufuli. Kwenye dirisha la kwanza yuko binti, umri wa mwanangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Unanyanyuka saa ngapi hapo?"

"Tukifunga."

"Maji unakunywa?"

Alitazama kamera kwanza, ndipo akatikisa kichwa kukataa.

Sasa ninyi wawili, nawauliza. Mguu wangu mliuona kwa macho yenu. Nani kati yenu aliamuru mlango ule ufungwe, na kwa nini mpaka leo umefungwa? Msiniletee barua nyingine. Njooni mjibu kwa midomo yenu, mbele ya wafanyakazi wote, binti yule akiwepo, na mje wiki hii.