Viatu vya Kiangazi

Katika nyumba ile hakuna aliyefunga sanduku lake mwenyewe Shangazi akiwapo. Ukijaribu, alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akakutazama unavyokunja, kisha akasema, "Haya, toka hapo mwanangu. Hizo ni nguo au ni matambara ya kupigia deki?" Nawe ulitoka.

Ujuzi huo aliutoa visiwani. Ujana wake wote aliumalizia huko, akiwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya ufukweni, akitandika vitanda na kufagia mchanga ambao wageni waliuingiza kwa miguu yao. Aliporudi nyumbani, magoti yakiwa yamechoka kwa ngazi, kaka yake alimpa chumba cha uani. Kaka alipofariki, mke wa kaka hakumwambia ahame, na yeye hakuuliza. Wakaendelea kuishi, wifi na wifi. Mmoja alikuwa mwalimu mkuu mstaafu aliyepiga pasi hata vitambaa vya mezani, mwingine alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti ya kufika barabarani.

Kaka aliacha mtoto mmoja wa kiume. Alifanya kazi ofisi ya upimaji wa ardhi, akichora ramani za viwanja, na kwa sababu hiyo watu wote wa mtaani walimwita Ramani. Alikuwa hajaoa. Mama yake, akiulizwa, alijibu kwamba mwanawe anachagua. Shangazi, akiulizwa, alijibu kwamba wanawake ndio wanaochagua.

Ramani alilelewa kwa hadithi za visiwani. Alipokuwa mdogo alikaa juu ya kitanda cha Shangazi, naye Shangazi akamweleza jinsi wageni wanavyokosea. Kuna waliokuja na suruali nzito za jinzi. "Ikilowa Jumatatu, unaivaa Ijumaa, tena inanuka." Kuna waliosahau kofia wakaungua mpaka juu ya masikio. Kuna walioweka dawa zao kwenye sanduku kubwa, sanduku likabaki bandarini, wao wakafika na vichwa vinawauma. Lakini waliomchekesha kuliko wote ni wale waliokuja mwezi wa nne.

"Mwezi wa nne, mwanangu, hata mbwa wa kule hawatoki nje. Mvua inanyesha mpaka chumvi inageuka uji mezani. Mkoba wa ngozi unaota ukungu kama mkate. Na mgeni amesimama dirishani amekunja mikono, ananiuliza mimi, 'Mama, mvua itaacha lini?' Kana kwamba bomba ninalo mimi!"

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia, 'Bwana, nimeshauliza ofisini, wanalishughulikia.'"

Mtoto alicheka mpaka akabingirika. Kisha aliuliza swali lililokuwa kama kiitikio: "Sasa sisi tutakwenda lini, Shangazi?" Naye alijibu: "Mwezi wa tisa. Mvua imekwisha, jua halijawa kali, bahari imelala. Ukienda mwezi mwingine, umekwenda kumtembelea mtu asiyekuwapo."

Miaka ikapita na mwezi wa tisa kila mara ukakuta jambo. Mara masomo, mara kazi mpya, mara msiba wa baba. Safari ikawa mzaha wa nyumbani. Ramani akirudi kazini na uchovu alisema, "Ngoja tu, Shangazi, mwezi wa tisa," na wote wakacheka, hata mama.

Mwaka ule Ramani alianza kukonda. Suruali zikamlegea, macho yakaingia rangi ya manjano, tumbo likawa linamsumbua baada ya kila mlo. Alilazwa, akapimwa, akaruhusiwa kurudi na mfuko wa dawa. Daktari alimwita mama peke yake. Mama aliporudi nyumbani aliweka mkoba wake mezani, akavua saa, akaivaa tena. Kisha akamfuata Shangazi jikoni, akafunga mlango.

"Ni ini," alisema. "Uvimbe umeshaenea. Hawakati, hawatibu."

Shangazi alikuwa akimenya viazi. Aliendelea kumenya kile alichokishika mpaka kikabaki kidogo kama gololi.

"Yeye ameambiwa?"

"Ameambiwa ni vidonda vya tumbo. Na hivyo ndivyo itakavyokuwa, wifi. Mtu akiambiwa kwamba anakufa, anaanza kufa siku hiyohiyo. Na majirani wasisikie. Sitaki watu waje kukaa sebuleni kwangu kumtazama mwanangu kama maiti inayopumua."

Si kwamba hakuwa na huruma. Alikuwa mtu aliyezoea kusimama wima mbele ya watu, na alijua kwamba akiinama mara moja hatainuka tena. Shangazi alilijua hilo, hakubishana naye.

"Daktari hakusema kitu kingine?"

Mama aliokota ganda la kiazi sakafuni. "Alisema kama kuna mahali anapopapenda, tumpeleke angali anatembea."

Wote wawili walijua ni wapi. Kalenda ya ukutani ilikuwa bado mwezi wa tatu.

Jioni hiyo Ramani alitoka chumbani kwake amebeba boksi. Aliwaonyesha viatu vya turubai, vyeupe, soli nyembamba, vipya kabisa. Alikuwa amevinunua siku aliyotoka hospitali, alipokuwa akisubiri teksi.

"Hivi ni vya visiwani," alisema. "Mwaka huu sitanii. Vidonda vikipona, mwezi wa tisa naomba likizo, nakwenda na Shangazi wangu. Mama, na wewe ukitaka, tunakupakia."

"Mimi nitakwenda kufanya nini huko? Kuchomwa na jua?" Mama alisema, akaingia jikoni haraka, akafungua maji ya bomba mpaka mwisho.

Shangazi alivigeuza vile viatu mikononi. "Vizuri," alisema. "Vya kiangazi hasa." Sauti yake haikufika hata mlangoni, sembuse barabarani.

Kwa siku kadhaa alitembea na jambo hilo kifuani kama mtu aliyemeza mfupa. Akimwacha asubiri mwezi wa tisa, atasubiri kitu ambacho hatakiona. Akimwambia ukweli, atakuwa amevunja neno la mwenye nyumba, mama aliyemzaa. Hatimaye alimwendea wifi yake alipokuwa akipiga pasi.

"Nitamwambia msimu mzuri ni sasa."

Mama aliisimamisha pasi. "Katikati ya mvua?"

"Nitamwambia hali ya hewa imebadilika. Kwamba siku hizi mwezi wa nne ndio mzuri. Kuhusu misimu ya kule, hajawahi kunipinga."

"Na akifia huko? Watu watasema tulimtupa ugenini."

"Watu hawakai naye usiku akitapika, wifi. Tunakaa sisi."

Mama aliendelea kupiga pasi. Aliirudia kola ileile mara nyingi mno. "Basi usimwambie lolote jingine," alisema. "Neno moja tu la msimu. Zaidi ya hapo, mimi na wewe hatutasameheana."

Shangazi alimkuta Ramani amekaa kitandani, mgongo ukutani, akichora kwa penseli pembeni mwa gazeti. Aliketi ukingoni mwa kitanda. Maneno yake alikuwa ameyafanyia mazoezi alipokuwa akifua.

"Mwanangu, nimekuwa nikifikiri. Mambo ya mwezi wa tisa ni ya zamani. Siku hizi kila kitu kimegeuka. Rafiki yangu, yule aliyekuwa mpishi wa hoteli, ana nyumba ya wageni kule. Anasema sasa hivi ndio kuzuri. Twende mwezi huu unaoingia."

"Mwezi wa nne?"

"Mwezi wa nne. Kumetulia. Hakuna msongamano. Mvua ni manyunyu tu."

Ramani aliiacha penseli ikadondoka juu ya shuka. Alimtazama mwanamke aliyemfundisha kwamba mwezi wa nne hata mbwa hawatoki nje. Shangazi alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo kwenye sakafu ya saruji, mpaka mwisho wa ua.

"Kumbe," Ramani alisema. Kisha tena, taratibu zaidi, "Kumbe ni hivyo."

"Ni hivyo nini? Mimi nimesema habari ya mvua tu."

"Ndiyo, Shangazi. Nimesikia habari ya mvua."

Alishuka kitandani, akaketi sakafuni karibu na miguu ya Shangazi kama alipokuwa mdogo, akalaza kichwa kwenye goti lake bovu. Shangazi aliweka mkono juu ya nywele zilizopungua. Hakuuondoa hata goti lilipoanza kuuma.

"Mama anajua kwamba unaniambia?"

"Anajua nimekuja kusema neno la msimu."

"Basi tumwache hapohapo. Asijue kwamba nimeelewa. Amejikaza kisabuni, tukimgusa atateleza." Alipangusa uso kwa kiganja. "Haya. Nibebe nini? Lakini nipangie kweli. Usinipangie kwa hewa ya uongo."

Shangazi akapiga moyo konde, akavuta sanduku kutoka uvunguni. Alimpangia kwa mvua. Koti la mpira. Fulana za pamba za kutosha, kwa kuwa hakuna kitakachokauka. Sweta moja, maana aliyekonda husikia baridi hata kwenye joto. Kandambili. Dawa ya mbu. Kila kitu ndani ya mfuko wake wa plastiki, umefungwa mdomo. Dawa za maumivu akazitia katika kipochi chake mwenyewe, cha kuning'iniza shingoni.

Ramani akaleta viatu vyeupe.

"Hivyo viache, mwanangu. Turubai likilowa kule halikauki. Utarudi navyo vinanuka."

"Shangazi," alisema, "nitavivaa lini tena?"

Shangazi akavipokea, akavitia juu kabisa, mahali pa kitu kitakachohitajika kwanza.

Asubuhi ya safari mama alivaa kama anakwenda kukagua shule. Alimsindikiza mwanawe mpaka getini, akampa mwavuli mkubwa mweusi wa marehemu baba yake. Jirani wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye masikio marefu, alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Ramani kumbe anasafiri! Na afya inaruhusu?"

"Anakwenda visiwani kupumzika kidogo," mama alisema, bila kutetereka. "Ni msimu mzuri."

"Mzuri sana," Ramani alisema, akamtazama mama yake. "Shangazi amethibitisha."

Akamkumbatia. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kukumbatiana barabarani, alimshika kwa muda mrefu kuliko ilivyompasa mtu aendaye kupumzika, kisha akamnyoosha kola.

Mvua iliwapokea bandarini na haikuwaacha. Nyumba ya mpishi ilikuwa na paa la bati, ikawabidi kuzungumza kwa kupaza sauti. Mashuka yalikuwa na unyevu. Chumvi mezani ilikuwa uji, na Ramani aliichovya kidole akaonja, akafurahi kana kwamba amekutana na mtu aliyemjua kwa jina tu. Alilala sana. Alipoamka alisimama dirishani, mikono imekunjwa, akiitazama bahari ya rangi ya sufuria.

"Mama," aliita, kwa sauti ya mgeni wa hoteli, "mvua itaacha lini?"

Shangazi alikuwa anatandika kitanda. Hakugeuka, maana uso wake haukuwa wa kuonwa. "Bwana," alisema, "nimeshauliza ofisini. Wanalishughulikia."

Ramani alicheka mpaka akashika tumbo, na kicheko kikageuka maumivu, Shangazi akampa dawa, wakasubiri pamoja yatulie.

Siku ya mwisho kule, Ramani alivaa viatu vyeupe. Shangazi hakumkataza. Walitoka chini ya mwavuli wa baba, upepo ukaupindua mara moja, wakauacha ukaburutika mchangani. Alitembea mpaka maji yakamfika kwenye kamba za viatu, akasimama hapo na mvua inamwingia shingoni. Ufukwe mzima hapakuwa na mtu mwingine.

"Panapendeza," alisema.

"Mwezi wa tisa panapendeza zaidi," Shangazi alisema, kwa sababu hakuweza tena kusema uongo kuhusu mahali pale.

"Najua. Uliniambia."

Ramani alifariki nyumbani, kitandani mwake, mvua za masika zilipokuwa zinamalizika. Mama alikuwa amemshika mkono wa kulia. Mpaka mwisho alimwita "mgonjwa wa vidonda vya tumbo", naye akaitika.

Baada ya mazishi, waombolezaji walipokwisha kwenda, Shangazi alilifungua sanduku, ambalo halikuwa limeguswa tangu warudi. Kila kitu ndani ya plastiki kilikuwa kikavu. Viatu peke yake vilikuwa bado vibichi, vinanuka, mchanga umeganda kwenye mishono. Aliviweka nje dirishani. Jua lilikuwa limeanza kurudi, likavikausha taratibu, na juu ya turubai ikajitokeza mistari ya chumvi, mmoja juu ya mwingine, mahali ambapo maji yalipandia.

Mama alitoka akavikuta. Katika nyumba ile hapakuwahi kuonekana kiatu kichafu mbele ya mgeni.

"Nitavisugua, wifi," Shangazi aliharakisha kusema. "Nilitaka vikauke kwanza."

Mama alivichukua kimoja kimoja. Alipitisha kidole kwenye mstari wa juu.

"Alijua," alisema. Haikuwa sauti ya kuuliza.

"Alijua."

"Wewe ulimwambia?"

"Nilimwambia habari ya msimu tu. Kama tulivyokubaliana."

Mama alisimama na vile viatu mpaka jirani wa nyumba ya pili akapita, akasalimu, akaona macho yake yalivyolowa, akasahau alichotaka kuuliza. Mama hakuyafuta. Aliingia ndani, akaondoa chombo cha maua kwenye rafu ya sebuleni, akaviweka hapo, chumvi yake juu yake, kila aingiaye avione.