Riwaya Yangu Inafungia Bajia Kikwajuni

Leo nimekula bajia zilizofungwa kwenye riwaya yangu mwenyewe.

Wachapishaji watatu walishaukataa ule mswada. Kwa hasira nkampa Bi Mize, muuza bajia wetu wa Kikwajuni, rundo zima afungie biashara yake.

(Msiniulize kama nlilia.)

Alasiri nimekwenda kununua. Mbele yangu kasimama mama mmoja.

"Bi Mize, jana ulinipa ukurasa wa sitini na moja. Leo nipe unaofuata, nijue Salma kama karudi kwa mumewe."

"Huo kachukua jirani yako. Kamuazime."

Nkaganda. Salma ni wangu mimi, nimemtunga kwa miaka minne.

Nliona haya kujitaja. Nkauliza kama mpita njia, "Kwani hadithi yenyewe nzuri?"

Bi Mize macho yake yako kwenye karai. "Mwanangu, karatasi hamsini za mwanzo nimefungia, hakuna aliyeuliza. Mawingu tu na mawimbi. Tangu Salma alipofunga nguo zake ndio watu wanagombania."

Wachapishaji watatu hawakunambia hilo. Yeye kanambia huku anageuza bajia.

Hizo hamsini nshazifuta kwenye kompyuta. Kesho zilizobaki nnampelekea mchapishaji wa nne.

Wenzangu mnaoandika, nyinyi mnampa nani asome kwanza?

Wakati nnaondoka nimeuona ukurasa wa mwisho, peke yake, chini ya chupa ya chatne. Bi Mize kasema huo hamfungii mtu mpaka ausome yeye.