Mama Alikuwa Anaimba Ndani ya Kompyuta

Harufu ya vumbi lililopashwa moto na mashine hunirudisha sebuleni kwetu Mlandege, siku fundi Chesco alipoifungua kompyuta ya nyumbani. Nilikuwa darasa la nne. Mama tulikuwa tumemzika, matanga yameanuliwa, na mimi sijalia. Watu wakanisifu eti mtoto jasiri. Jasiri wapi! Sikuwa nasikia kitu, basi.

Siku ya kuanua matanga shangazi aligawa vitu vya marehemu kama desturi yetu inavyotaka. Vitenge, masweta, masufuria, mpaka kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta. Kompyuta yenyewe aliiacha, akisema ni ya baba. Angejua! Ndani yake mama alikuwa anaimba. Alijirekodi akijifunza sauti ya alto ya kwaya: anakosea, anacheka, anaanza tena. Kila nikitoka shule nilimsikiliza. Baba akinikuta, aligeuka akatoka nje kuchanja kuni ambazo hatukuwa na shida nazo. Kisha siku moja mashine ikaanza kugonga ndani, kioo kikawa cheusi.

"Kamwene, mzee. Hard diski imechoka," fundi alimwambia baba, akianza na salamu ya kwetu. Akachomoa ya zamani, akafunga mpya, akaingiza programu upya. Kompyuta ikawaka upesi, safi, tupu. Ndipo akasema, "Hii ya zamani niachieni kidogo. Vilivyomo naweza kuvitoa."

Moyo ulinidunda, mara ya kwanza tangu msiba. Nikamtazama baba.

"Hapana," akasema. "Vyake tumeshagawa. Hiyo chukua, iwe fungu lako."

"Baba, lakini mama yumo..."

"Mwanangu, nenda kaangalie chai."

Nikaenda. Chai haikuwa imebandikwa. Nilisimama mbele ya jiko la baridi, sina hasira, sina chozi, nikisikiliza fundi akikaza skrubu.

Kwa miaka nilimwona baba ana roho ngumu. Mtu gani anampa fundi sauti ya mkewe? Mwaka jana naye alifariki. Kwenye simu yangu kuna ujumbe wake wa sauti, alioutuma asubuhi ya siku aliyolazwa. Mume wangu alitaka tuusikilize pamoja, nikamnyang'anya simu mkononi. Kumbe baba alikuwa anaogopa tu, maskini. Simu imejaa, kila siku inaniomba nifute kitu. Ule ujumbe sijaufuta, wala sijaufungua.