Picha ya Gauni

Juzi mjukuu wangu alinipiga picha kwa simu nikichambua maharage, nikamfokea, "Subiri nivae kwanza!" Sauti ilikuwa ya mama yangu kabisa.

Mchana mmoja nikiwa mtoto, baba mdogo alikuwa anasubiri lori la kumpeleka vitani. Alikuja na kamera ya kuazima, na hakutulia hata kidogo. Alipiga picha jembe, mbuzi, jiko likifuka moshi, hata miguu yangu yenye vumbi. Mama alikuwa anamenya ndizi, mikono imejaa utomvu mweusi.

"Shemeji, unatudhalilisha! Watu huoga ndipo wapigwe picha!" Akamnyooshea kisu, na kamera ikalia ta.

Nami nilikasirika. Nilidhani anakusanya umaskini wetu akawachekeshe askari wenzake.

Mama akakimbilia ndani. Huko barabarani honi ya lori ilikuwa inaita.

"Mkanda umeisha," baba mdogo alininong'oneza. "Usimwambie."

Mama alitoka akinukia sabuni, amevaa gauni la kanisani, akasimama wima. "Haya, sasa piga." Baba mdogo akainua kamera, akabonyeza, akakimbia.

Vita vilipokwisha alirudi na picha. Mama alizipekua mara mbili.

"Ya gauni iko wapi?"

"Iliungua, shemeji."

Mama akaapa kutopigwa nyingine mpaka hiyo ipatikane, nami sikufungua mdomo.

Siku ya mazishi yake tulimvika gauni la kanisani. Mbele ya jeneza nilibeba picha pekee tuliyokuwa nayo: kanga kuukuu, kisu mkononi, anafoka.