Kumbeba Mke Wangu hadi Ng'ambo ya Mto

Mke wangu alikaa zaidi ya miaka arobaini bila kupanda baiskeli yangu, na kosa lilikuwa langu.

Tulikuwa tumeoana karibuni. Ilikuwa masika, msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na nilikuwa nimempakia kwenye keria tukirudi kutoka kwao, ng'ambo ya mto, upande wa kuelekea Makambako. Juu ya mteremko palikuwa na kilabu, na vijana wa rika langu walikuwa wamekaa nje na vikombe vyao. Mmoja akapaza sauti, "Bwana harusi, achia breki tukuone!" Nikaachia. Chini kabisa, pale njia inapokata kona kabla ya daraja, tukaingia kwenye kinyungu cha mtu, bustani ya bondeni yenye matuta mabichi ya kabichi.

Nilipoinuka niliiinua baiskeli kwanza. Nikazungusha gurudumu la mbele nione kama limepinda. Ndipo nikamtazama mke wangu. Alikuwa amekaa katikati ya kabichi, kitenge kimejaa tope, ananiangalia ninavyozungusha gurudumu.

"Limepona?" akaniuliza.

"Limepona," nikamjibu, mjinga mimi.

Akasimama, akajipangusa, akatembea kwa miguu hadi nyumbani. Watu niliwaambia breki zilikatika. Kuanzia hapo mimi nilitangulia na baiskeli na mzigo, yeye akafuata kwa miguu, iwe kanisani, sokoni au kwao. Mara nyingi alifika nimeshamaliza chai. Nikajizoesha kuona kwamba ndivyo mambo yalivyo.

Mwaka juzi goti lake la kulia likaanza kumsumbua. Kutembea hadi sokoni aliweza, lakini kwa dada yake hakuweza tena. Dada yake ni mkubwa kwake, anaishi palepale kwao, na yeye miguu ilikuwa imemwishia kabisa. Walikuwa wanazungumza kwa simu, kila mmoja anapiga kelele kana kwamba mwenzake yuko upande wa pili wa bonde, na kweli ndiko alikokuwa. Kwa basi la Makambako ungeshukia njia panda, halafu ukapande mlima mrefu kwa miguu. Bodaboda aliikataa.

"Nikianguka," alisema, "nianguke na mtu ninayemjua."

Sikujua kama ni tusi au mwaliko. Nililala nalo neno hilo, na asubuhi nikaamua ni mwaliko.

Mwanetu alikuwa ameniletea kutoka Makambako baiskeli ya gia, yenye tairi nene za meno, ili ninyooshe mifupa baada ya kustaafu ukarani katika kiwanda cha chai. Nikaipeleka kwa fundi anichomelee keria. Fundi akaizunguka mara mbili.

"Mzee, hii ni baiskeli ya michezo. Unataka kubeba nini?"

"Mke."

Akavua miwani ya kuchomelea. "Basi nitatumia nondo."

Keria ilipokamilika nikaanza kutafuta njia. Mke wangu hakuwa ameahidi lolote. Alisema tu nimwonyeshe kwanza njia yenyewe. Nikafunga gunia la viazi nyuma kwa mipira, nikatafuta uzito wa kumkaribia, na kila kulipokucha vizuri nikatoka nalo.

Kuna njia tatu za kulivuka lile bonde bila kugusa lami. Ya kwanza inapita kwenye msitu wa miwati. Ina kivuli, na majani yaliyooza yamelainisha ardhi hadi baiskeli haitoi sauti, lakini malori ya magogo yameichimba mifereji miwili mirefu, na ukiingia kwenye mmoja unatoka pale mfereji unapotaka wewe utoke. Ya pili inafuata mgongo wa kilima. Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho. Chai imetandazwa kushoto, mashamba ya viazi yamepanda na kushuka kulia, na upepo wa baridi unakutoa machozi hata kama una furaha. Lakini ni changarawe tupu, punje za mviringo, na kwenye kona gurudumu la nyuma hukimbilia kwingine. Ya tatu inateremka polepole kandokando ya mto, inazunguka kila kinyungu, inavuka daraja la mbao, kisha inapanda kwa mizunguko. Ni ndefu karibu mara mbili.

Wachuma chai walinizoea. "Kamwene, babu!" mmoja alinisalimu kwa kelele siku moja. "Viazi hivyo unauza wapi? Kila siku vinapita, kila siku vinarudi!"

"Siuzi. Nafundisha viazi njia."

"Na vimefaulu?"

"Vinarudia darasa!"

Walicheka hadi nikapita kona, nami nikacheka nao. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa nimetoka nyumbani na kazi iliyonifurahisha kiasi kile. Karibu umri wote nilipita njia hizi nikiwahi kazini au nikiwahi kilabuni, na sikuwahi kutazama barabara kwa ajili ya mtu mwingine. Sasa kila jiwe nililiuliza litamfanyaje goti lake.

Jioni moja akaniuliza, akiwa anamenya viazi vilevile, "Vilianguka?"

Nilikuwa na jibu tayari, la kumpa moyo. Nikaliacha.

"Vilianguka," nikasema. "Njia ya mgongoni. Nilikuwa naangalia mandhari."

"Basi hiyo tuiache."

"Na ile siku ya kabichi," nikaendelea, maana nilishaanza, "breki hazikukatika. Niliziachia mwenyewe, kwa sababu ya wale vijana. Na nilipaswa kukuinua wewe kwanza."

Hakuinua kichwa. "Baba, mimi nilikuwa nimekaa nyuma yako. Si Makambako. Unadhani sikujua?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe. Sikujua utachukua muda wote huo." Akadondosha kiazi kwenye sufuria. "Njia ya mtoni. Kesho, ukungu ukiondoka. Na daraja nitavuka kwa miguu."

Ukungu uliondoka mapema. Alivaa koti la kanisani na kitambaa cha kichwa, akakaa upande juu ya sponji niliyoifunga kwenye keria, akashika kiti changu kwa mkono mmoja na mfuko wa maharage kwa mwingine. Tuliondoka taratibu kiasi kwamba kuku walitupita.

"Kokoto," nilimwambia kila nilipoziona. "Shimo. Kona."

"Naona. Una mgongo, si ukuta."

Kadiri tulivyoteremka, bonde lilifunguka. Maji yalikuwa yanang'aa kati ya matuta ya mboga, na harufu ya udongo mbichi na moshi wa asubuhi ikatupanda usoni. Wanawake waliokuwa vinyunguni walisimama na majembe yao. Mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, unaibwa?"

"Najipeleka mwenyewe!" akajibu mke wangu, na nikahisi keria ikitikisika kwa kicheko chake. Alianza kunionyesha vitu. Pale palikuwa na mti wa msasati, umekatwa. Pale walikuwa wanafua nguo, yeye na dada yake. Mimi niliyejidai kuijua njia hii sikuwa nimewahi kusikia hata kimoja.

Tulipofika karibu na daraja nikapunguza mwendo, nikaweka mguu chini.

"Nani kakwambia usimame?" akauliza.

Mbao zililia chini yetu, moja baada ya nyingine, na tukavuka. Kwenye kupanda nilihesabu gia hadi zikaniishia, pumzi ikafuata, na mahali palipokuwa pakali nikashuka nikasukuma, yeye akiwa juu. Hakuomba kushuka, nami sikumwomba.

Dada yake alikuwa amekalishwa uani, kwenye jua. Alitukodolea macho muda mrefu kabla hajaamini. Kisha wakashikana, wakalia, wakacheka, wakaanza Kibena cha haraka ambacho hata mimi mwenyeji nilikipata nusu. Nilikaa nje nikijifanya nakaza mnyororo, nikisikiliza. Jua lilipoanza kulegea nikachungulia uani kumkumbusha safari.

"Wewe nenda," akasema mke wangu, mkono wake ukiwa mapajani mwa dada yake. "Utakuja kunichukua Jumapili baada ya ibada. Uje na baiskeli."

Nikaondoka peke yangu, keria ikiwa tupu, moyo ukiwa mwepesi kama wa kijana. Kwenye ule mteremko mkali wa kushukia darajani, uleule wa kabichi, nikashuka chini, nikaiegemeza baiskeli kwenye kichaka, nikaanza kuokota mawe yaliyolegea na kuyatupa pembeni, nikianzia juu.