Sauti ya Kufukuza Ndege

Mimi bwana, mistari yangu naionea fahari. Naandika vitabu vya picha vya watoto, na kila mstari nauhesabu mizani kwa vidole mpaka nyumbani wananicheka. Kile cha ndege wanaovamia shamba la mtama nilikipenda kupita kiasi, hasa kibwagizo chake:

Ndege, ndege, nenda zako,
mtama huu si wako.

Kabla hakijachapwa nilikwenda kukisoma kwenye darasa la awali, hapa mtaani kwetu Miyuji. Mwalimu akanionyesha msichana mmoja aliyekaa nyuma, ameletwa na bibi yake kutoka kijiji cha huko Mpwapwa. Kwao wanaongea Kigogo tu. Tangu shule ifunguliwe hajatamka neno.

"Dada, nimechoka," mwalimu akaniambia. "Asipofungua mdomo mpaka tunafunga, darasa la kwanza haendi. Bibi yake nimeshamwambia."

Roho iliniuma. Mtoto mwenyewe alikuwa anachezea kifungo cha sweta.

Basi nikasoma. Nikalainisha sauti, kibwagizo nikakiimba kama nabembeleza mtoto alale. Loh! Mmoja akapiga miayo, mwingine akalala kweli. Nikakasirika, tena nikawakasirikia watoto, aibu iliyoje! Nikarudia, polepole zaidi, tamu zaidi.

Yule msichana akainuka, akaja mbele. Akatazama ukurasa wenye ndege waliotanda juu ya masuke, akanitazama na mimi, kwa huruma kabisa. Kisha akapanda kwenye benchi, akavuta pumzi:

"Ndeeege! Ndeeege! Nenda zakooo!"

Wee! Masikio yalizizima. Mkono wake ulizunguka hewani kama ameshika kombeo, akarusha jiwe ambalo halikuwepo. Darasa zima likaruka juu: mtama huu si wako! Wakapiga madawati, aliyelala akaamka. Mizani yangu ilivunjikavunjika, na kwa mara ya kwanza kibwagizo kile kikawa na uhai. Mimi mtoto wa mjini sijaamia ndege, kuwafukuza shambani, hata siku moja. Ningejuaje kwamba kazi hiyo inataka sauti ya kufika upande wa pili wa shamba? Yeye alikuwa ameifanya kijijini kwao msimu mzima, kuanzia alfajiri, na mistari yangu ya kubembeleza ingemmalizia mtama wote.

Tulirudia mpaka koo zikakauka. Mtoto akashuka kwenye benchi, jasho linamtoka, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu na kumvuta sketi. Akasema kwa Kiswahili safi maneno ambayo wenzake huyasema kila siku:

"Mwalimu, naomba kwenda chooni."

Nilicheka. Mwalimu hakucheka.

"Kila siku anarudi nyumbani amelowa mkojo," akasema. "Na mimi kila siku namgombeza."

Akamshika mkono akampeleka mwenyewe, huku yeye mwalimu analia waziwazi mbele ya darasa zima.